Maji ya Ziwa Victoria, Pamba ya Misri na Barua za 1929

Kwenye mabishano kuhusu maji ya Ziwa Victoria kuna kauli ambayo haikosekani: Mwingereza aliwapa Wamisri maji yetu, na mpaka leo tukitaka kuchota lazima tubishe hodi Cairo. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Hati ipo, nayo ni barua za mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri; tarehe yake inajulikana na maneno yake yanasomeka. Lakini ukiufuata mto wenyewe, Nile, kutoka Jinja nchini Uganda hadi Aswan nchini Misri, huku ukipima maji njiani, utakuta jambo lisilosemwa sana: hati ile iliwafunga wenye maji machache ikamwacha mwenye maji mengi. Ili kuelewa ilikuwaje, inabidi kuujua mto kwanza, kisha pamba, ndipo twende kwa wanasiasa.

Shuleni tulifundishwa kwamba Nile inaanzia Ziwa Victoria. Kwa urefu wa mto, sawa. Kwa wingi wa maji, hesabu ni nyingine kabisa. Kati ya maji yote yanayofika Aswan, karibu asilimia 85 hutoka katika nyanda za juu za Ethiopia, yakishuka kwa Nile ya Bluu, Atbara na Sobat. Maziwa yetu yote, Victoria, Kyoga, Albert na Edward, huchangia asilimia 15 hivi.

Inashangaza, maana Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 69,000. Ila ziwa hilo ni pana bila kuwa na kina kirefu. Sehemu kubwa ya maji yake huanguka moja kwa moja kama mvua juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hurudi angani kwa mvuke kabla ya kufika Jinja. Kagera, Nzoia, Mara na mito mingine huongeza kidogo tu. Yale yanayofanikiwa kutoka Jinja hupita Uganda yote, kisha yakifika Sudan Kusini huingia kwenye Sudd, kinamasi cha mafunjo kilichotandaa juu ya ardhi tambarare isiyo na mteremko wa kuyasukuma. Humo maji husambaa, hupigwa na jua, hunyonywa na majani. Takriban nusu ya yanayoingia haitoki upande wa pili.

Hapo mtu anaweza kujiuliza: kama maji yetu ni machache hivyo, kwa nini Mwingereza alijisumbua kuyawekea hati? Jibu liko kwenye kalenda.

Mvua za Ethiopia hunyesha zaidi kati ya Juni na Septemba. Nile ya Bluu hufurika kwa kishindo, ikibeba udongo mweusi uliolisha Misri kwa maelfu ya miaka, halafu hunywea. Ifikapo Machi na Aprili huwa imepungua mno. Nile Nyeupe, iliyotoka kwenye maziwa, haina makeke. Kwa kuwa ziwa ni tangi na kinamasi ni sifongo, maji yake hutiririka karibu kwa kiwango kilekile mwaka mzima. Matokeo yake ni kwamba katika miezi ya kiangazi sehemu kubwa ya maji yanayoingia Misri ilikuwa ikitoka kwetu. Asilimia 15 ya mwaka iligeuka kuwa uhai wa msimu.

Kwa mkulima wa zamani wa Misri, msimu huo haukuwa na shida. Alingoja mafuriko yafunike shamba, yaondoke, ndipo apande ngano na shayiri kwenye tope. Mto ukiwa chini, yeye alikuwa anavuna. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1820, wakati Muhammad Ali, mtawala wa Misri chini ya Waturuki, alipoanzisha kilimo kikubwa cha pamba ya nyuzi ndefu. Pamba haifuati ratiba ya mafuriko. Hupandwa Februari na Machi, hukua wakati wa joto, na huhitaji maji hasa wakati mto umenywea. Ikabidi mifereji ichimbwe zaidi, na kuta zijengwe kwenye mto ili kuinua maji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipokata pamba iliyokuwa ikienda Uingereza, bei ilipaa, na Misri ikajikita kwenye zao hilo kuliko wakati wowote. Ikakopa pia kuliko uwezo wake. Mwaka 1882 Waingereza waliikalia, na pamoja na jeshi walileta wahandisi wa maji waliopata uzoefu wao India.

Kwa maoni yangu, wahandisi hao wanastahili nafasi kubwa kuliko majenerali katika historia ya ukoloni wa bonde hili. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kuutazama mto mzima kama mtambo mmoja: ziwa la Uganda kama tangi, Sudan kama bomba, Misri kama shamba. Bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika mwaka 1902, kisha likainuliwa mara mbili. Mwaka 1904 William Garstin, aliyesimamia kazi za umma Misri, alitoa ripoti ndefu kuhusu sehemu za juu za Nile. Ndani yake kuna mawazo mawili yaliyodumu karne nzima: kuhifadhi maji kwenye maziwa yetu, na kuchimba mfereji wa kuyapitisha kando ya Sudd yasipotee. Wazo la mfereji lilingoja hadi 1978, uchimbaji ulipoanza huko Jonglei. Ulisimama miaka ya 1980 kwa sababu ya vita, baada ya kuchimbwa zaidi ya kilomita 200. John Garang, aliyeongoza waasi wa kusini mwa Sudan waliousimamisha, alikuwa ameandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu mradi huohuo wa Jonglei.

Wanasiasa nao walikuwa na hofu yao. Mwaka 1893 mhandisi Mfaransa Victor Prompt alieleza hadharani mjini Cairo kwamba anayeushika mto kule juu anaweza kuitesa Misri. Miaka mitano baadaye kapteni Marchand alifika Fashoda, katika Sudan Kusini ya leo, na kikosi kidogo cha Wafaransa, na jenerali Mwingereza Kitchener akamfuata na jeshi. Uingereza na Ufaransa nusura zipigane kwa ajili ya kituo kilichozungukwa na matope. Wafaransa waliondoka mwisho wa 1898. Wakati huo reli ya Uganda ilikuwa tayari inajengwa kutoka Mombasa kuelekea ziwani, na kulinda chanzo cha Nile kulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa za kutumia fedha nyingi hivyo kwenye njia ambayo haikuwa na mzigo wa kutosha. Wanahistoria bado wanavutana juu ya uzito wa sababu hiyo. Mimi naona ni vigumu kuielezea reli ile bila mto.

Baada ya bunduki zikaja hati. Mwaka 1891 Uingereza ilikubaliana na Italia kuhusu Atbara. Mwaka 1902 Mfalme Menelik wa Pili wa Ethiopia alikubali kutojenga kitu cha kuzuia maji ya Nile ya Bluu, Ziwa Tana au Sobat bila makubaliano na Waingereza na serikali ya Sudan. Mwaka 1906 Kongo ya Mfalme Leopold ilitoa ahadi ya namna hiyo kuhusu mto Semliki. Ethiopia imeukataa mkataba ule wa 1902 kwa hoja mbalimbali, na hoja moja inatosha hapa: ahadi ilitolewa kwa Uingereza, na Uingereza haiko tena kwenye bonde.

Tufike sasa 1929. Kufikia wakati huo Misri ilikuwa imetangazwa huru (1922), ingawa jeshi la Uingereza halikuondoka. Sudan iliendeshwa kwa jina la nchi zote mbili, lakini mwenye rungu alikuwa Mwingereza, naye alikuwa amepata mradi wake mwenyewe wa pamba huko Gezira, kati ya Nile ya Bluu na Nile Nyeupe, ukinyweshwa na bwawa la Sennar lililokamilika 1925. Wamisri waliona hatari wazi: pamba ya Sudan ingekunywa kabla ya pamba yao. Novemba 1924 gavana mkuu wa Sudan, Lee Stack, alipigwa risasi mjini Cairo akafa. Allenby, mwakilishi wa Uingereza, alijibu kwa madai makali. Mojawapo lilikuwa kwamba shamba la Gezira lingepanuliwa bila kikomo. Maji yaligeuzwa fimbo ya adhabu, waziwazi, na Misri haikusahau.

Barua zilizobadilishwa tarehe 7 Mei 1929 kati ya waziri mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha, na Lord Lloyd wa Uingereza zilikuwa za kuponya jeraha hilo. Hesabu iliyowekwa ilikuwa mita za ujazo bilioni 48 kwa mwaka kwa Misri na bilioni 4 kwa Sudan. Kuanzia tarehe 19 Januari hadi 15 Julai maji yote ya asili ya mto yalitengwa kwa Misri. Hiyo ni miezi ya pamba, na ndiyo miezi ambayo mto hubebwa na maji ya maziwa yetu. Kisha kikaja kifungu kinachotuhusu: bila idhini ya Misri, pasijengwe mradi wowote wa umwagiliaji au wa umeme kwenye mto, matawi yake au maziwa unakotoka, ndani ya Sudan na nchi zilizo chini ya utawala wa Uingereza, ikiwa mradi huo utapunguza maji yanayofika Misri, utabadili wakati wa kufika kwake, au utashusha kina chake kwa namna ya kuiumiza Misri.

Soma tena maneno hayo kwa makini. Kwanza, hayakatazi kila kitu. Yanakataza kinachoiumiza Misri, na nani aamue maumivu hayo ndipo ugomvi unapoanzia. Pili, mpaka wake ni utawala wa Uingereza. Kenya, Uganda na Tanganyika zimo. Ethiopia, yenye asilimia 85, haimo. Ruanda-Urundi na Kongo, zilizokuwa za Wabelgiji, hazimo. Ramani ya mkataba ilifuata bendera, haikufuata maji.

Tatu, kwa Tanganyika kulikuwa na kasoro ya ziada. Nchi hiyo haikuwa koloni. Uingereza iliipokea kutoka Shirikisho la Mataifa kuisimamia kwa niaba ya wenyeji wake, kama msimamizi wa mirathi ya yatima. Msimamizi huyo alitoa haki ya kudumu juu ya mali ya yatima ili amalize ugomvi wake na mtu mwingine. Hakuna hata mtu mmoja aliyesafiri kwenda Cairo kuisemea Bukoba, Musoma, Kisumu au Entebbe, na kwa Waingereza wa London ridhaa ya Afrika Mashariki ilikuwa sarafu rahisi kutumia, kwa kuwa haikuwagharimu wao chochote.

Jambo hili lilishuka kutoka kwenye karatasi hadi kwenye zege huko Jinja. Uganda ilipotaka umeme kutoka maporomoko ya Owen, ilibidi Misri ikubali, na mapatano yalifungwa kwa barua za 1949 na 1953. Bwawa lilifunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954, na maporomoko ya Ripon, ambayo mpelelezi Mwingereza Speke aliyaona mwaka 1862, yakafunikwa na maji. Mhandisi wa Misri aliwekwa palepale bwawani kuangalia milango. Kiasi cha maji ya kufunguliwa kilifuata jedwali maalumu: ziwa likiwa katika kina fulani, itoke kiasi kilekile ambacho kingetoka kama bwawa lisingekuwepo. Kwa maneno mengine, Uganda ilipata mitambo, lakini haikupata uhuru wa kulitumia ziwa kama tangi. Jedwali hilo lina upande wake mzuri ambao wachache huutaja. Katikati ya miaka ya 2000, maji yalipofunguliwa kupita kiasi cha jedwali ili kuzalisha umeme, na ukame ukawa umebisha hodi, ziwa lilishuka mpaka mialo ya Mwanza na Kisumu ikabaki kwenye matope. Sheria ya mkoloni iliyomlinda Mmisri ilikuwa, bila kukusudia, ikimlinda pia mvuvi wetu.

Wakati huohuo kule chini mchezo ulikuwa unabadilika. Novemba 1959 Misri na Sudan zilisaini mkataba mwingine zikagawana mto mzima: bilioni 55.5 kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan, na bilioni 10 kwa jua, yaani mvuke wa bwawa jipya. Jumla yake ni bilioni 84, mto wote, bila tone kwa nchi inakonyesha mvua. Mwaka 1960 ujenzi wa Bwawa Kuu la Aswan ukaanza, ukakamilika 1970.

Hapa ndipo, naamini, panapofungua fundo lote. Bwawa Kuu linaweza kuhifadhi zaidi ya maji ya mwaka mzima. Tangu lilipojaa, Misri haijali tena maji yamefika Aprili au Septemba; yakishaingia Ziwa Nasser yatafunguliwa siku yatakapohitajika. Thamani ya pekee ya maji yetu ilikuwa wakati wake, na thamani hiyo iliisha. Yamebaki maji ya kawaida, asilimia 15, tena yaliyokwisha kukatwa nusu na Sudd. Sababu ya 1929 ilikufa, barua zikabaki.

Kana kwamba ni kuthibitisha, maumbile yalifanya jaribio lao. Kati ya 1961 na 1964 mvua kubwa, zile ambazo Kenya hukumbukwa kama mafuriko ya Uhuru, ziliinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2. Maji yaliyotoka Jinja yakakaribia kuwa maradufu. Je, Misri ilipata yote hayo? La. Sudd ilitanuka zaidi ya mara mbili ikafunika malisho na vijiji vya Wadinka na Wanuer, na sehemu kubwa ya neema hiyo ikaishia angani. Ukiongeza maji juu, kinamasi hula nyongeza; ukipunguza, kinamasi kwanza ndicho kinachopungua. Mkulima wa Sengerema akivuta maji ya kumwagilia mpunga, hasara humfikia mfugaji wa Sudan Kusini kabla ya kumfikia Mmisri. Kama kuna jirani ambaye tunapaswa kumfikiria tunapochota, ni huyo, naye hakutajwa na mtu mwaka 1929.

Uhuru ulipokuja, Nyerere alilishika suala hili mapema. Tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haijioni kufungwa na barua za 1929. Msingi ulikuwa msimamo wake kwamba mikataba ya nchi mbili iliyowekwa na mkoloni itaheshimiwa kwa miaka miwili tangu uhuru, ili ipitiwe upya. Usipopatikana muafaka, itakoma, isipokuwa ile ambayo sheria ya kimataifa yenyewe huilinda. Wanasheria wa dunia bado huuita msimamo huo kwa jina la Nyerere. Sudan nayo ilikuwa imewahi kuzikataa barua za 1929 mara baada ya uhuru wake, kabla ya kugeuka na kuwa mshirika wa Misri mwaka 1959.

Hoja ya Misri haipaswi kudharauliwa. Inasema kwamba mkataba wa maji umeshikamana na ardhi kama mpaka ulivyoshikamana, na mrithi wa ardhi hurithi vyote. Tena inaongeza: ni Nyerere huyohuyo ambaye Julai 1964, mjini Cairo, aliwaongoza wakuu wa Afrika kukubali mipaka ya kikoloni kama ilivyo. Vipi ukubali mstari wa mkoloni ukatae maji ya mkoloni? Jibu la Tanzania, ambalo mimi naliona lina nguvu, ni kwamba mpaka hugawanya pande zote mbili kwa usawa wa wajibu, kila mmoja akae kwake. Barua za 1929 zilimpa mmoja haki na mwingine wajibu mtupu, bila malipo. Hata hivyo Misri ina ukweli ambao hakuna sheria inayouondoa: ina watu zaidi ya milioni 100, mvua yake ni ya kuhesabu matone, na karibu maji yake yote ni ya mto huu.

Suala hilo halikufika mahakamani, lilijibiwa kwa bomba. Katika miaka ya 2000 Tanzania ilijenga mradi wa kuvuta maji kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama, bila kuomba ruhusa Cairo. Kulikuwa na manung'uniko, lakini tupige hesabu. Bomba likivuta mita za ujazo 100,000 kila siku ya Mungu, kwa mwaka ni milioni 36.5. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya elfu ya fungu la Misri la bilioni 55.5, na hapo bado hatujatoa kodi ya Sudd. Baadaye maji hayo yalisogezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Misri haikupungukiwa kwa kiasi kinachoweza kupimwa Aswan.

Tangu 1999, Ushirikiano wa Bonde la Nile ulioanzishwa Dar es Salaam umejaribu kupata mkataba mmoja wa wote. Rasimu ilikwama kwenye kifungu cha 14(b). Nchi za juu zilitaka kuahidi kutoathiri kwa kiwango kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri na Sudan zilitaka yaongezwe matumizi na haki zilizopo sasa, yaani 1929 na 1959 ziingie kwa mlango wa nyuma. Mei 2010 Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zilisaini mkataba huo mjini Entebbe bila nyongeza hiyo, Kenya ikafuata siku chache baadaye, na Burundi mwaka uliofuata. Sudan Kusini iliporidhia mwaka 2024, idadi ya nchi zilizohitajika kuuridhia ilitimia, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba mwaka huo. Misri na Sudan hazimo.

Na Ethiopia, ambayo barua za 1929 hazikuweza kuigusa, ilianza kujenga bwawa lake kwenye Nile ya Bluu mwaka 2011 na kulizindua Septemba 2025. Linaweza kubeba mita za ujazo bilioni 74, karibu mto mzima wa mwaka kama ulivyohesabiwa mwaka 1959. Mazungumzo yanayohitajika hasa ni ya nchi hizo tatu, Ethiopia, Sudan na Misri, kuhusu namna ya kufungua milango ya bwawa hilo katika miaka ya ukame mfululizo, na mpaka linazinduliwa hayakuwa yamezaa makubaliano yenye nguvu ya sheria.